Fataki na Wanyama: Kwa Nini Furaha ya Dakika Kumi Inahitaji Kanuni

Kila tarehe 31 Desemba, itimiapo saa sita ya usiku, anga ya Malindi, Watamu, Kilifi mjini na Mtwapa hujaa rangi na vishindo. Fataki, ambazo baadhi ya watu wa Pwani huziita fashifashi, zimekuwa sehemu ya kuukaribisha mwaka mpya katika hoteli na fuo za Kaunti ya Kilifi. Siku hizi husikika pia kwenye harusi, sikukuu na sherehe za nyumbani.

Kwa watu wengi hiyo ni furaha ya dakika kumi, kisha kila mtu hurudi kwenye meza yake. Kwa mbwa aliyefungwa uani, ng'ombe wa maziwa aliye bandani, kuku waliolala na ndege waliotua kwenye hori ya Mida, hizo ni dakika kumi za hofu, na madhara yake huweza kuendelea kwa siku kadhaa. Binadamu anajua fataki zinakuja, zinatoka wapi na zitaisha lini. Mnyama hajui lolote kati ya hayo matatu.

Makala haya yanaeleza jinsi fataki zinavyowaathiri wanyama wa kufugwa na wa porini, sheria zinasema nini, na kwa nini kanuni za kaunti kuhusu mahali, wakati na ukubwa wa mlio zinaweza kulinda wanyama bila kuwanyima wakazi sherehe zao.

Sikio la mnyama si sikio la binadamu

Binadamu mwenye masikio mazima husikia sauti za kati ya mitetemo 20 na 20,000 kwa sekunde. Mbwa husikia hadi karibu 45,000, na paka hadi karibu 64,000. Kwa hivyo mluzi mwembamba wa fataki inapopaa, ambao mtu huenda asiutambue, kwao ni sauti kali kabla hata ya mlipuko wenyewe.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huongezeka mara kumi. Fataki kubwa za angani zinaweza kufikia desibeli 150 karibu na zinapolipukia. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele zinaruhusu desibeli 35 pekee nje ya nyumba katika maeneo ya makazi usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni kubwa mno.

Jambo la pili ni ughafla. Ngurumo ya radi hutanguliwa na wingu, upepo na harufu ya mvua, na wanyama wengi huanza kutafuta hifadhi mapema. Fataki haitoi dalili. Mlio hutoka juu, mwanga humetameta pande zote, na moshi wa baruti huleta harufu ngeni. Mnyama anayetaka kukimbia hatari hajui akimbilie wapi, kwa hivyo hukimbia ovyo.

Nyumbani na zizini

Mbwa ndio wanaoonekana zaidi. Katika utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013, karibu nusu ya wenye mbwa waliohojiwa walisema mbwa wao huonyesha angalau dalili moja ya hofu asikiapo kelele kubwa, na fataki ndizo zilizotajwa zaidi. Dalili hizo ni kutetemeka, kuhema, kudondosha mate, kujificha, kukojoa ovyo, kukwaruza mlango au kubweka bila kukoma.

Mbwa mwenye hofu hukata kamba, huruka ua na kutoroka. Wengine hugongwa na magari barabarani, na wengine hupotea. Hapo suala la mnyama huwa suala la afya ya umma. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Mbwa aliyetoroka usiku, akiwa na hofu na hana chanjo, anaweza kumuuma mtoto au kuumwa na mbwa mgonjwa.

Kwa wafugaji, hasara huonekana kwenye ndoo ya maziwa. Ng'ombe hutoa maziwa vizuri anapokuwa ametulia, kwa sababu kuna homoni inayofanya maziwa yateremke kwenye chuchu. Mnyama anapotishika, mwili wake humwaga homoni ya hofu ambayo huizuia ile ya kwanza. Mkamuaji huweza kukamua kwa muda mrefu na kupata maziwa kidogo, ingawa maziwa yenyewe yangali kiweleni. Ng'ombe na mbuzi wanaoshtuka usiku pia huvunja maboma, hujikwaruza kwenye waya na kukanyaga ndama na wana-mbuzi.

Kuku wana hatari yao. Wanaposhtushwa gizani hawatawanyiki, bali hurundikana kwenye pembe moja ya banda. Walio chini hukosa hewa na kufa. Mfugaji wa kuku wa nyama anayeamka asubuhi na kukuta lundo la kuku waliokufa huenda akadhani ni ugonjwa, hasa ikiwa hakujua kwamba hoteli au jirani alikuwa na sherehe.

Punda naye asisahaulike. Katika vijiji vingi vya Kilifi ndiye anayebeba maji, kuni na mawe ya ujenzi. Punda aliyefungwa kwenye mkokoteni akishtuka huweza kuuburuta hadi barabarani, akajiumiza na kuwaumiza watu.

Ndege wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke

Mkesha wa Mwaka Mpya huangukia wakati ambapo ufuo wa Kilifi una wageni wengi wenye mabawa. Kuanzia karibu Agosti hadi Aprili, hori ya Mida, inayojulikana sana kama Mida Creek, hupokea maelfu ya vitwitwi na ndege wengine wa pwani wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia ya kaskazini. Miongoni mwao wamo wale ndege weusi kwa weupe wenye mdomo mnene wanaokula kaa, ambao huzaliana kwenye fuo za Uarabuni na Ghuba, ikiwemo Oman, kisha huja Pwani ya Afrika Mashariki kukaa.

Maisha ya ndege hawa hufuata maji. Maji yakitoka, hula kwenye matope. Maji yakijaa, hupumzika kwa makundi kwenye mikoko na michanga. Chakula wanachokula hapa ndicho kinachogeuka mafuta mwilini ya kuwavusha safari ndefu ya kurudi kaskazini. Kila mara wanaporushwa bila sababu hupoteza sehemu ya akiba hiyo.

Kinachotokea kwa ndege fataki zinapolipuka kimepimwa vizuri nchini Uholanzi, ambako watu hulipua fataki nyingi sana usiku wa Mwaka Mpya. Watafiti walitumia rada ya hali ya hewa kutazama ndege kwa miaka mitatu mfululizo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 walieleza kwamba maelfu ya ndege waliruka mara tu baada ya saa sita usiku, wakapanda hadi mita 500 angani, na wakachukua takriban dakika 45 kabla ya kutulia. Utafiti mwingine wa Uholanzi wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba athari hizo hufika hadi kilomita 10 kutoka mahali pa fataki. Ndani ya kilomita 5, ndege walioruka usiku huo walikuwa kwa wastani mara 1,000 zaidi ya usiku wa kawaida.

Utafiti mwingine uliwafuatilia mabata-bukini zaidi ya 300 wa Ulaya waliofungwa vifaa vya kuonyesha walipo. Usiku wa fataki walilala kidogo na kuruka mbali zaidi. Katika siku zilizofuata walitumia muda mrefu zaidi kula, ishara kwamba walikuwa wakijaribu kurudisha nguvu walizopoteza.

Kuruka gizani kwa hofu kuna hatari nyingine. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2010, maelfu ya ndege walianguka na kufa katika mji wa Beebe, jimbo la Arkansas nchini Marekani. Uchunguzi ulionyesha walikufa kwa kugonga vitu, na fataki zilizolipuliwa karibu na walipolala zilitajwa kuwa ndizo zilizowarusha. Mjini Rome, Italia, asubuhi ya tarehe 1 Januari 2021, mamia ya ndege walikutwa wamekufa barabarani karibu na kituo kikuu cha treni.

Umbali huo wa kilomita 10 ukiwekwa kwenye ramani ya Kilifi, maana yake huonekana mara moja. Mlango wa hori ya Mida uko jirani na hoteli za Watamu. Ukingo wa Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ndio msitu mkavu mkubwa zaidi uliobaki katika Pwani ya Afrika Mashariki, hauko mbali na hapo. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, aliye hatarini kutoweka, ambaye huwinda usiku.

Ufuoni kuna kasa. Majike huja nchi kavu usiku kutaga, na wakikuta mwanga mkali, kelele au kundi la watu huweza kurudi baharini bila kutaga. Vitoto vinavyoanguliwa hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Mwanga ukitoka nchi kavu, hupotea njia. Mabaki ya fataki nayo, yaani karatasi, plastiki na unga wa kemikali kama bariamu na shaba, huachwa mchangani na kuingia majini mbele ya Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu, ambazo zimelindwa tangu mwaka 1968.

Sheria zinasema nini leo

Wakazi wengi hudhani fataki ni bidhaa ya kawaida kama puto. Sivyo. Tayari kuna sheria tatu za kitaifa zinazogusa jambo hili.

Ya kwanza ni Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Fataki hutengenezwa kwa baruti, na kuziingiza nchini, kuziuza au kuzilipua kunahitaji leseni au kibali cha serikali ya kitaifa.

Ya pili ni Kanuni za Kudhibiti Kelele na Mtetemo Uliokithiri za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira na kusimamiwa na NEMA. Kanuni hizo zinazitaja fataki miongoni mwa shughuli zinazohitaji kibali.

Ya tatu ni Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Katika makosa inayoyataja, pamoja na kumpiga na kumtesa mnyama, limo pia kosa la kumtia hofu kwa ukatili. Mtu anayemrushia mbwa au punda fataki kwa mchezo hafanyi mzaha, anavunja sheria.

Pengo liko wapi, basi? Sheria ya vilipuzi hutazama usalama wa baruti. Kanuni za kelele hutazama kiwango cha sauti. Mfugaji aliye nusu kilomita kutoka ukumbi wa harusi anahitaji kujua mapema, na ndege wa Mida wanahitaji umbali. Hayo ni mambo ya mahali, na yanafaa kushughulikiwa na serikali iliyo karibu na mahali hapo.

Katiba ya mwaka 2010 inafungua njia. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linazipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Linazipa pia burudani za umma, udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za biashara, na huduma za kuzima moto na kukabili majanga. Fataki zinagusa yote hayo. Kifungu cha 185 kinalipa Bunge la Kaunti uwezo wa kutunga sheria katika majukumu hayo. Kaunti haiwezi kutoa leseni ya vilipuzi, hilo ni la serikali ya kitaifa, lakini inaweza kuamua burudani ya aina gani ifanyike wapi na saa ngapi.

Wengine wamefanyaje

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2004 zinakataza kuuza kwa umma fataki zinazozidi desibeli 120, na zinakataza kuzilipua baada ya saa tano usiku, isipokuwa siku chache za sherehe zinazoongezewa muda, zikiwemo Diwali na mkesha wa Mwaka Mpya. Scotland ilitunga sheria yake mwaka 2022, inayoziruhusu serikali za mitaa kutenga maeneo ambayo fataki hazitumiki.

India, ambako fataki zina nafasi kubwa katika Diwali, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2018 kwamba siku hiyo zilipuliwe kati ya saa mbili na saa nne usiku pekee, na ziwe za aina zenye moshi na kelele pungufu. Visiwa vya Galápagos vya Ecuador, vinavyotegemea utalii wa wanyamapori kama Kilifi inavyotegemea bahari na misitu yake, vilipiga marufuku fataki zenye mlio mwaka huohuo na kubakisha zile za mwanga usio na kishindo.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefuta sherehe. Kila mmoja aliiwekea mipaka kulingana na mazingira yake.

Kanuni nzuri ingekuwa na nini

Kutokana na hayo yote, mambo yafuatayo ndiyo yanayostahili kujadiliwa na wakazi wa Kilifi:

- Mahali. Kutenga maeneo yasiyo na fataki karibu na hori ya Mida, Msitu wa Arabuko-Sokoke, fuo wanakotaga kasa, hospitali na masoko ya mifugo.
- Wakati. Kuweka saa maalumu na muda mfupi, badala ya milio ya hapa na pale usiku kucha.
- Taarifa. Mwandaaji kuwajulisha majirani na ofisi ya wadi siku kadhaa kabla, ili wafugaji wajiandae.
- Mlio. Kupendelea fataki zenye kelele ndogo katika maeneo ya makazi.
- Maonyesho ya pamoja. Onyesho moja lenye kibali katika mji, badala ya kila hoteli na kila boma kulipua zake.
- Uuzaji. Kudhibiti uuzaji wa rejareja, hasa kwa watoto.
- Usafi. Mwandaaji kuokota mabaki yote kabla maji hayajajaa.

Kanuni za aina hii zingesaidia pia kuzuia moto. Desemba hadi Machi ni msimu wa kaskazi, nyasi ni kavu, na nyumba na hoteli nyingi za Pwani zimeezekwa makuti. Cheche moja inayopeperushwa na upepo hadi kwenye paa la makuti inatosha kuteketeza mtaa.

Vipi kuhusu utalii na ajira?

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Desemba ni msimu ambao hoteli, madereva, wavuvi na wauza vinyago hutegemea, na baadhi ya wageni hutarajia kuona fataki. Wauzaji halali wa fataki nao wana riziki yao. Kanuni isiyosikiliza watu hawa ingevunjwa usiku wa kwanza.

Hata hivyo, wageni wengi huja Watamu na Malindi kwa sababu ya kasa, ndege, matumbawe na misitu. Hoteli inayolinda vitu hivyo inalinda biashara yake. Zipo pia njia nyingine za kusherehekea: ngoma na muziki kwa kiwango kilichoruhusiwa, taa za mapambo mbali na ufuo, au onyesho la droni, mradi mwandaaji awe na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga na, karibu na hifadhi, ya KWS. Kwa anayetaka fataki, mlango hautafungwa. Atahitaji mahali panapofaa, saa inayofaa na kibali.

Hatua za kuchukua kabla ya sherehe

Wakati kanuni zikijadiliwa, wenye wanyama wanashauriwa wafanye yafuatayo:

- Mbwa na paka wawekwe ndani kabla ya jua kuzama, madirisha yafungwe, na redio iwashwe kwa sauti ya kawaida. Mbwa asifungwe mnyororo nje, kwani anaweza kujinyonga akijaribu kukimbia.
- Mbwa awe na ukosi wenye jina na namba ya simu ya mwenyewe, na awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.
- Mnyama asiadhibiwe kwa kuogopa, na asipewe dawa za usingizi za binadamu. Mwenye mbwa mwoga sana amwone daktari wa mifugo wiki kadhaa mapema.
- Ng'ombe, mbuzi na punda waingizwe mazizini mapema, waya uliochomoza uondolewe, na wawekewe maji na majani. Punda wasiachwe kwenye mikokoteni.
- Banda la kuku liachiwe mwanga hafifu, na pembe zake zizibwe kwa mbao au magunia yaliyojazwa ili kuku wasirundikane.
- Asubuhi, wanyama wahesabiwe na kukaguliwa majeraha. Mabaki ya fataki yaokotwe kabla mbuzi na ng'ombe hawajaachiliwa, maana huweza kuyala.

Anayeandaa sherehe naye aulize mambo matatu kabla ya kununua fataki: Je, muuzaji ana leseni? Je, kibali cha kuzilipua kimepatikana? Je, majirani wenye mifugo wamejulishwa? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, sherehe hiyo haijawa tayari kwa fataki.

Maoni ya wakazi

Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 zinampa kila mkazi haki ya kushiriki katika utungaji wa sheria. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti ili litunge, lirekebishe au lifute sheria. Mfugaji aliyepoteza kuku, mwenye hoteli, muuzaji wa fataki, mwongoza watalii wa Mida na mzazi mwenye mtoto mchanga wote wana jambo la kusema kuhusu suala hili.

Maoni yanaweza kuwasilishwa kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi, au katika mikutano ya ushirikishaji wa umma inapotangazwa. Visa vya wanyama kujeruhiwa au kufa kutokana na fataki viripotiwe kwa afisa wa mifugo wa wadi, vikiwa na tarehe, mahali na idadi. Kanuni inayotegemea yaliyotokea kweli katika vijiji vya Kilifi ndiyo itakayokuwa ya haki kwa pande zote.